Kantini ya North Platte: Dakika Kumi za Treni Kusimama

Mwaka 2026 ni wa 80 tangu kantini ya stesheni ya North Platte, katika jimbo la Nebraska, Marekani, ilipofunga milango yake. Ilianza usiku wa Krismasi ya mwaka 1941 na ikafungwa tarehe 1 Aprili 1946. Kwa miaka minne na miezi mitatu, mji wenye watu wapatao 12,000 uliwalisha wanajeshi zaidi ya milioni sita bila kumtoza hata mmoja senti. Serikali haikuitengea fungu lolote. Mkate, mayai, kahawa na keki vilitoka majumbani mwa watu, vikaletwa stesheni kwa mikono ya watu hao hao, na wengi wao walikuwa wanawake.

Kazi ile yote ilifanyika katika dakika kumi, wakati mwingine kumi na tano, za treni kusimama. Abiria hawakuchagua kushuka North Platte. Treni ilisimama kwa sababu injini ilikuwa na kiu. Kwa hiyo anayetaka kuijua kantini hii lazima kwanza ajue kwa nini injini ilipata kiu mahali pale.

Jibu liko katika mito. Mto wa Platte Kaskazini hutoka katika milima ya Colorado, ukazunguka Wyoming na kuingia Nebraska kwa upande wa magharibi. Platte Kusini hupitia Denver. Mito hiyo hukutana mashariki kidogo mwa mji, na kuanzia hapo huwa mto mmoja hadi unapomwaga maji yake katika Missouri, si mbali na Omaha. Ni mto mpana wenye kina kifupi, uliojaa visiwa vya mchanga, na haufai kwa meli. Utajiri wake ni bonde. Kutoka Missouri hadi karibu na milima ya Rocky, ardhi ya bonde hilo hupanda polepole mno hivi kwamba msafiri haoni kilima wala hasikii uzito wa mwinuko, ingawa akifika North Platte ameshapanda hadi mita 850 hivi juu ya bahari. Ng'ombe wa kukokota magari ya wahamiaji waliokwenda Oregon na California walipita humo. Wamormoni walipita humo wakielekea Utah. Matarishi wa farasi wa Pony Express walipita humo mwaka 1860 na 1861, kisha waya wa telegrafu, kisha reli, kisha barabara ya Lincoln, na leo barabara kuu ya I-80. Ni vigumu kutaja bonde jingine Marekani lililobeba njia nyingi kiasi hicho katika ukanda mwembamba namna hiyo.

Kaskazini mwa mji huanza Sand Hills, vilima vya mchanga vilivyofunikwa na nyasi, vyenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 50,000. Chini yake yamelala maji mengi ya ardhini ya Ogallala. Juu yake, mvua ni haba. Mstari wa longitudo ya 100 Magharibi unapita Cozad, mji ulio mashariki mwa North Platte, na mwaka 1878 mpelelezi wa ardhi John Wesley Powell aliionya serikali kwamba karibu na mstari huo ndipo kilimo cha kutegemea mvua pekee kinapoishia. Magharibi yake ni nchi ya mifugo na kilimo cha umwagiliaji. Watu wa huko walijifunza mapema kwamba jirani aliye umbali wa kilomita kumi bado ni jirani, na kwamba asiyemsaidia mwenzake mwaka wa ukame hatakuwa na wa kumsaidia mwaka unaofuata. Hilo tutaliona likifanya kazi baadaye.

Sheria ya reli ya Pasifiki ilitiwa saini na Rais Abraham Lincoln mwaka 1862. Kampuni ya Union Pacific ilianza kutandika reli kutoka Omaha mwaka 1865, na Oktoba 1866 ilifika kwenye ule mstari wa longitudo ya 100, maili 247 kutoka Omaha. Makamu wa rais wa kampuni, Thomas Durant, aliwaleta wakubwa na matajiri kwa treni waje kushangilia. Wajenzi wenyewe, chini ya Jenerali Jack Casement na nduguye Dan, hawakusimama sana. Mwezi Desemba walikuwa wameshavuka Platte Kaskazini, baridi ikawa kali, na kambi ya mwisho wa reli ikatulia hapo kwa majira ya baridi. Mhandisi mkuu Grenville Dodge ndiye aliyepima viwanja vya mji.

Majira yale ya kwanza North Platte ilikuwa mahema, mbao, pombe na kamari. Reli ilipoendelea kwenda Julesburg mwaka 1867, wafanyabiashara wa starehe waling'oa mahema yao wakaifuata, kama walivyofanya katika kila kituo mpaka Utah, ambako reli za mashariki na magharibi ziliunganishwa tarehe 10 Mei 1869. Miji mingi ya namna hiyo ilikufa siku ileile reli iliposonga mbele. North Platte haikufa kwa kuwa kampuni ilikuwa imeamua kujenga pale karakana na banda la injini. Injini ya mvuke hula makaa na kunywa maji, na kila baada ya mwendo fulani lazima ijaziwe, ipakwe mafuta, magurudumu yagongwe na kukaguliwa, dereva na fayamani wabadilishwe. Maji yalikuwapo, ardhi ilikuwa tambarare, umbali kutoka kituo kikubwa kilichotangulia ulifaa. Mji ukapata kazi ya kudumu.

Ardhi ile haikuwa tupu. Wapawnee, Wacheyenne na Walakota waliijua kabla ya mhandisi yeyote kuipima, na nyati waliokuwa wakipita bondeni ndio walikuwa chakula chao. Agosti 1867 Wacheyenne walikata waya wa telegrafu karibu na Plum Creek, mashariki mwa North Platte, wakaiangusha treni ya mizigo. Wapawnee walichagua njia nyingine: vijana wao, wakiongozwa na Frank North, waliilinda reli dhidi ya maadui wao wa zamani. Haikuwasaidia. Kabla ya miaka kumi kupita walikuwa wamehamishwa Nebraska kwenda katika eneo ambalo sasa ni Oklahoma. Wakati huohuo serikali iliipa kampuni ya reli ardhi, vipande vya maili moja ya mraba vikipishana hadi maili 20 kila upande wa njia, na kampuni ikawauzia walowezi. Historia ya ukumbusho isiyotaja hili ingekuwa imeanza hadithi katikati.

Mtu maarufu wa mji katika karne ya 19 alikuwa William Cody, aliyeitwa Buffalo Bill. Tarehe 4 Julai 1882 aliandaa hapo mashindano ya kupanda farasi na kukamata mifugo, na mwaka uliofuata akaanza onyesho lililomzungusha Marekani na Ulaya. Nyumba yake ya mwaka 1886 bado ipo na watalii huizuru. Kwa kantini, hata hivyo, mwana wa mji mwenye maana kubwa zaidi ni William Jeffers. Alizaliwa North Platte mwaka 1876, mtoto wa mhamiaji kutoka Ireland aliyefanya kazi relini. Akiwa na miaka 14 alianza kuitumikia Union Pacific kama tarishi. Mwaka 1937 alikuwa rais wa kampuni nzima. Vita vilipokuja, ombi la watu wa North Platte halikufika kwa mgeni.

Mji ulikuwa na doa ambalo sherehe za kumbukumbu hupenda kuliruka. Julai 1929, baada ya mtu Mweusi kumuua polisi, kundi la Wazungu liliwaamuru wakazi Weusi wa North Platte waondoke. Familia zilikimbia na kile walichoweza kubeba. Waliofanya hivyo na waliosimama kutazama walikuwa bado wanaishi mjini miaka kumi na miwili baadaye, wakati kantini ilipoanza. Ninalisema kwa sababu ukarimu wa mwaka 1941 hauhitaji kulindwa dhidi ya ukweli wa 1929. Yote mawili ni ya mji huohuo, na anayeupenda ayabebe yote mawili.

Jumapili ya tarehe 7 Desemba 1941, siku Japani iliposhambulia Pearl Harbor, Wamarekani wenye asili ya Japani wa bonde la Platte walikuwa wamekusanyika katika kanisa la Kiepiskopali la North Platte kumsikiliza Mike Masaoka, katibu mtendaji wa jumuiya yao ya kitaifa. Wengi walikuwa wakulima, na baadhi walikuja kwanza kama vibarua wa reli. Masaoka alitiwa mahabusu mjini hapo siku hiyohiyo. Padri wao, Hiram Hisanori Kano, aliyefika Nebraska mwaka 1916, naye alikamatwa, na alizuiliwa kambini hadi mwaka 1944. Kijana mmoja wa Hershey, kijiji kilicho kilomita 20 hivi magharibi, aitwaye Ben Kuroki, alikwenda North Platte na ndugu yake kujiandikisha jeshini. Waliwekwa wangoje, na wito haukuja, mpaka wakaenda Grand Island, mbali zaidi, wakapokelewa. Kuroki aliruka mara 58 vitani kama mpiga bunduki wa ndege, 30 katika vita vya Ulaya na Afrika Kaskazini na 28 juu ya Japani yenyewe.

Siku kumi baada ya Pearl Harbor, uvumi ulienea mjini. Kikosi D cha wanamgambo wa Nebraska, vijana wa nyumbani, kingepita kwa treni kikielekea pwani ya magharibi. Tarehe 17 Desemba watu wapatao 500 walifika stesheni na zawadi, chakula na sigara. Treni ikaja. Waliokuwa ndani ni Kikosi D kweli, lakini cha Kansas.

Watu walinyamaza kidogo. Kisha mmoja akanyoosha mkono akatoa kifurushi chake kwa kijana asiyemjua, na wengine wakafuata. Treni ilipoondoka hapakuwa na aliyerudi nyumbani na zawadi.

Katika umati ule alikuwapo Rae Wilson, mwanamke wa miaka 26 aliyefanya kazi dukani, ambaye kaka yake alikuwa akiongoza kile Kikosi D cha Nebraska kilichongojewa. Siku iliyofuata gazeti la mji lilichapisha barua yake. Alipendekeza mji ufungue kantini ili kila treni ya wanajeshi ipokelewe namna ile, na akajitolea kuianzisha bila malipo. Aligonga milango ya maduka kuomba michango. Usiku wa tarehe 25 Desemba, wakati familia nyingi zilikuwa zimeshamaliza chakula cha sikukuu, treni iliingia stesheni na wanajeshi wake hawakutegemea kuona mtu. Wakakuta wasichana wenye vikapu vya matunda, peremende na sigara.

Mwanzoni vitu vilihifadhiwa katika Hoteli ya Cody, ng'ambo ya stesheni. Kisha Jeffers akaridhia ukumbi wa chakula wa stesheni utumike. Stesheni ilikuwa jengo la matofali la mwaka 1918, na ukumbi huo ulitazamana moja kwa moja na jukwaa la treni. Afya ya Rae Wilson haikustahimili kazi aliyojipa, akalazimika kuiacha mapema mwaka 1942. Helen Christ, mke wa mfanyakazi wa reli, akashika uongozi na kuushikilia hadi siku ya mwisho. Majina haya mawili yanastahili kutajwa pamoja. Mwenye wazo hukumbukwa kwa urahisi, lakini wa kuamka alfajiri kwa miaka minne husahaulika.

Ratiba za treni za kijeshi zilikuwa siri. Hata hivyo kahawa ya watu mia kadhaa haichemki kwa dakika moja, hivyo mtu wa reli alipiga simu kantini na kusema tu kwamba birika liko jikoni, na wanawake walijua treni iko karibu. Meza zilikuwa zimeshapangwa: sandwichi, mayai ya kuchemsha, donati, keki, matunda, maziwa baridi, kahawa. Msimu wa mawindo ulipofika, wakulima walileta fezanti, ndege wa mashambani mwao, na sandwichi za nyama hiyo zikapata sifa hadi vijana waliokuwa bado njiani wakawa wanazisubiri. Milango ilifunguliwa kama saa kumi na moja alfajiri na kufungwa ilipopita treni ya mwisho, mara nyingi baada ya saa sita usiku. Siku nyingi zilipita treni zaidi ya ishirini, na wanajeshi kati ya 3,000 na 5,000.

Injini ikijaziwa maji, vijana walitoka mbio. Kulikuwa na piano, na daima alipatikana askari wa kuipiga. Wengine walicheza dansi na wasichana wa mji kati ya meza na mlango, bado wamevaa makoti. Kulikuwa na meza ya magazeti ya bure, na mwenye siku ya kuzaliwa alipewa keki nzima, bila kuulizwa hati yoyote. Waliokuwa katika treni za hospitali, wasioweza kushuka, walifuatwa ndani ya mabehewa na wasichana wenye vikapu. Baadhi ya wasichana walitengeneza matonge ya bisi yaliyogandishwa kwa sukari, ndani wakaweka karatasi yenye jina na anwani. Barua zilikuja kutoka Pasifiki na Ulaya, na angalau ndoa moja ilitokana na tonge la bisi.

Jeshi la Marekani wakati huo lilikuwa bado linatenganisha Weusi na Weupe. Kantini ilimhudumia kila aliyevaa sare, na wanajeshi Weusi walikula kwenye meza zilezile. Katika mji uliofanya yale ya mwaka 1929, hilo halikuwa jambo la kujiendea lenyewe. Mtu fulani aliamua, na wengine wakakubali kuuishi uamuzi huo kila siku.

Swali ambalo kila mgeni huuliza ni chakula kilitoka wapi. Sukari, kahawa, nyama, petroli na matairi vyote vilikuwa kwa mgawo wa kuponi. North Platte peke yake isingemaliza hata msimu mmoja. Jibu lilikuwa vijiji. Jumuiya zipatazo 125 za Nebraska na majirani zake, hasa Colorado, zilijigawia siku. Siku ya Gothenburg walikuja watu wa Gothenburg na vyakula vyao, siku ya Ogallala watu wa Ogallala, na wengine wakasafiri zaidi ya kilomita 300. Vilabu vya wanawake, makanisa, vyama vya wakulima na shule viliokoteza kuponi za sukari kutoka nyumba hadi nyumba, zikatosha keki za siku moja. Familia zilizopata petroli kidogo kwa wiki ziliitunza kwa ajili ya safari ya kantini. Jumla ya waliojitolea inakadiriwa kuwa watu 55,000. Kuna vijiji vilivyokuja na watu wachache kuliko treni moja ilivyobeba, na bado viliilisha treni hiyo.

Fedha taslimu zilikuwa zaidi ya dola 137,000 kwa kipindi chote. Zilitoka kwenye dansi, minada na uuzaji wa vyuma chakavu. Mvulana wa miaka 12 alikuwa akienda kwenye minada ya mifugo na kulipiga mnada shati alilovaa mgongoni, kisha hela yote akaipeleka kantini, akafikisha karibu dola 2,000. Rais Franklin Roosevelt alituma dola tano. Msaada wake ni mdogo kuliko wa mvulana yule, na ninaamini hivyo ndivyo kantini ilivyotaka kuwa.

Kati ya wanawake wale alikuwapo mmoja aliyepata habari za kifo cha mwanawe vitani. Baada ya siku chache alirudi kazini. Aliwaeleza wenzake kwamba wake hawezi tena kumsaidia, ila anaweza kumsaidia mtoto wa mwenzake. Hatuhitaji maelezo zaidi ya nguvu iliyoendesha taasisi hii. Kila mama aliyepanga meza alijua kwamba mahali fulani, katika stesheni asiyoijua, mwanawe naye anapita. Wanajeshi walilisikia hilo. Miaka mingi baadaye, wazee waliopigana Iwo Jima na Normandy walikuwa wakilitaja jina la North Platte na kulia, ingawa wengine hawakukaa hapo zaidi ya dakika kumi maishani mwao. Mwandishi Bob Greene aliwatafuta wengi wao kwa ajili ya kitabu chake cha mwaka 2002, Once Upon a Town, na ushuhuda wao ndio sehemu kubwa ya tunachojua leo.

Vita viliisha Agosti na Septemba 1945, lakini treni za kuwarudisha watu nyumbani ziliendelea, na kantini iliendelea nazo. Waliorudi walikuwa na njaa kama walioenda, na baadhi walirudi bila mguu au mkono. Ilifungwa tarehe 1 Aprili 1946.

Kisha sababu yenyewe ya kusimama ikaanza kutoweka. Injini za dizeli hazinywi maji kama za mvuke, na Union Pacific ilimaliza kuacha mvuke katika kazi zake za kawaida mwishoni mwa miaka ya 1950. Ndege na magari yakawachukua abiria. Tarehe 1 Mei 1971, huduma ya abiria ya taifa ilipowekwa chini ya Amtrak, North Platte haikuwamo katika njia zake, na tangu hapo hakuna treni ya abiria ya ratiba inayosimama pale. Mwaka 1973 kampuni ilibomoa stesheni. Jengo lililoshuhudia watu milioni sita wakila liligeuzwa kifusi katika mji ulioishi kwa reli. Lilikuwa kosa, na miaka iliyopita haijalipunguza. Mahali pake sasa pana bustani ndogo yenye kumbukumbu.

Mji wenyewe bado ni wa reli, na kwa kipimo fulani ni wa reli kuliko zamani. Magharibi mwake ipo Bailey Yard, yadi kubwa kuliko zote duniani ya kupanga na kuunganisha mabehewa ya mizigo, yenye urefu wa kilomita 13. Imeitwa kwa jina la Edd Bailey, aliyekuwa rais wa Union Pacific. Makaa ya mawe ya Wyoming, nafaka za tambarare na makontena ya bandari za Pasifiki hupitia hapo. Behewa husukumwa juu ya kilima kilichojengwa, likaachiwa, likateremka kwa uzito wake lenyewe hadi kwenye njia ya treni yake, huku breki za relini zikilipunguza kasi. Tangu 2008 wageni hupanda mnara wa Golden Spike kuangalia kazi hiyo. Mji ulikuwa na watu zaidi ya 23,000 mwaka 2020, na kila mabadiliko ya ajira katika yadi hufika haraka mezani mwa familia zake.

Juni 2018 lilitokea jambo linalofaa kuandikwa. Wanajeshi wapatao 700 wa kikosi cha mizinga cha wanamgambo wa Arkansas, wakisafiri kwa mabasi kutoka mazoezini Wyoming, walihitaji mahali pa kula njiani. Mji ukaombwa. Watu walijaza meza tena kwa siku mbili, na baadhi ya waliotumika walikuwa wameshawahi kutumika kama watoto katika kantini ya kwanza.

Msichana aliyebeba kikapu akiwa na miaka 12 mwaka 1943 leo ana miaka 95. Nafasi ya kumsikiliza inaisha. Nebraska, na hasa Omaha, kuna familia nyingi kutoka Kongo na Burundi zinazozungumza Kiswahili, na wapo wenzetu wanaoendesha malori na magari kwenye I-80 kila wiki kati ya Omaha na Denver. North Platte iko katikati ya safari hiyo, kilomita 450 hivi kutoka Omaha. Ukipita, toka barabara kuu, nenda katika Makumbusho ya Historia ya Kaunti ya Lincoln iliyohifadhi picha na vitu vya kantini, na watoto wako wawe nawe. Na kama ukoo wako una bibi au babu aliyefanya kazi stesheni yoyote, iwe ya reli ya Tabora au ya Voi, mrekodi mwaka huu.